Kitunga cha Mama Nyuma ya Kioo

Kuna chuo kikuu kimoja Amerika, chuo cha watu binafsi, ambacho majani ya bustani zake hunyolewa kama kichwa cha askari mpya, na ndani ya chuo hicho kuna kitunga cha mama yangu. Hakikuibwa. Afadhali kingeibwa, maana mwizi walau anajua alichofanya. Kilipokelewa kwa mikono miwili, mchana kweupe, kwenye ua wetu wa Bihambwe, kule Masisi, majirani wakishuhudia, na mpaka leo hakijarudi. Nikilifikiria jambo hili nashindwa kusahihisha hata daftari za wanafunzi wangu.

Kitunga, kwa asiyejua, ni kikapu cha duara ambacho mama zetu wa Masisi hutilia mbegu. Mama alikisuka chake mwenyewe, na ukingo wake ulipokatika aliushona kwa uzi wa buluu aliouchomoa kwenye gunia. Mwanamke akikosa mbegu za maharage msimu wa kupanda, huja kwa mwenzake, anatiliwa kwenye kitunga, anakwenda nacho. Akishavuna anakirudisha, na ndani yake mna maharage ya shamba lake. Haandiki mtu, hakumbushi mtu. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenyewe kwamba mmemalizana, kwamba hata akifa usiitwe msibani. Mtoto wa kwetu anayeweza kubeba kitunga tayari anajua hivyo, hakuna aliyewahi kumkalisha chini kumfundisha.

Na maharage ya mama hayakuwa maharage tu. Alikuwa anapanda mchanganyiko: mekundu, ya njano, yenye madoa, meupe madogo, yote katika mashimo ya shamba moja, ili mvua ikiua haya, yale yabaki. Katikati yake kulikuwa na meusi yenye mstari mweupe mgongoni. Hayo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Ndiyo peke yake yaliyokubali kuzaa kwenye shamba letu la juu, kule ukungu unakokaa mpaka watu wanakula chakula cha mchana. Bila hayo meusi, shamba la juu ni la kuchungia mbuzi.

Basi walikuja wageni. Profesa mmoja mama wa makamo, mwenye nywele za mvi na viatu vya matope, pamoja na wanafunzi wake wawili. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo Goma na nilijua Kiingereza kidogo, kwa hiyo nikaitwa nitafsiri. Kabla ya kuuliza lolote kuhusu maharage, walifungua kompyuta juu ya kiti chetu cha mbao, wakatuonyesha walikotoka. Hivi ndivyo nilivyokijua chuo kile kwa mara ya kwanza: ziwa lenye bata, jumba la vitabu lenye ngazi za mawe, uwanja wa mpira mkubwa kuliko soko la Masisi, vijana wamelala chali kwenye majani wanasoma. Nilimeza mate, sitaki kudanganya. Nikauliza kama mtu wa hapa anaweza kusoma pale. Profesa akacheka kwa upole, akasema mlango uko wazi kwa yeyote duniani.

Mama hakuwaangalia bata. Alimtazama yule profesa alivyokaa, alivyokula sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, bila kukunja uso, alivyomsaidia jirani yetu kutua kuni. Wakati wa kuaga, profesa akaomba mbegu za mchanganyiko. Akaomba mwenyewe, kwa mdomo wake. Mama akaingia ndani, akatoka na kitunga kimejaa, akakiziba kwa jani la mgomba, akampa. Yule mama akakipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Wanawake waliokuwa pale wakapiga kigelegele.

"Huyu iko muntu wa heshima," mama akaniambia gari lilipokata kona. "Umeona vile amepokea? Atarudisha."

Na mimi niliamini hivyo hivyo.

Tulivuna. Mama akauliza, "Bale bageni, mvua ya kwabo haiyanyesha?" Tulivuna tena. Akasema labda Amerika maharage yanachelewa kwa sababu ya baridi. Alikuwa anawatetea! Mimi nilikuwa nimeanza kunung'unika, yeye akinikatiza kwamba mtu anayekaa mbali hahesabiwi misimu kama jirani. Kila kitunga kingine kilichotoka nyumbani kwetu kilirudi kimejaa. Kile cha uzi wa buluu tu ndicho kilichokosekana kwenye mstari ukutani, na mama hakukubali kingine kitundikwe kwenye msumari wake.

Kisha vita vikashuka tena kwenye vilima vyetu. Sitasimulia vita, wapo wanaolipwa kufanya hivyo. Nitasema tu kwamba tulitoka na tulivyoweza kubeba, na mama alibeba mbegu zake zote zimefungwa kwenye kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, akaacha sufuria mpya. Tulikwenda kwa miguu kuelekea Walikale, tukapita, tukashika njia ya Itebero, kwa sababu mama yangu mdogo aliolewa huko. Msituni chakula kilituishia. Watoto wa dada yangu wakafikia hatua ya kuacha kulia, na mtoto akiacha kulia kwa njaa ndipo mtu mzima huingiwa na hofu ya kweli.

Mama akafungua kikwembe. Hakuniachia mimi kazi hiyo, wala dada yangu. Aliziosha mbegu mwenyewe kwenye kijito, akaziweka motoni kwenye sufuria kuukuu, mekundu, ya njano, meusi ya mama yake, yote, akakaa anakoroga mpaka yakaiva. Watoto wakala. Sisi tukala. Yeye alisema tumbo limejaa gesi, akakataa hata mchuzi. Mpaka leo nikisikia mtu anasema wakimbizi wanakula mbegu kwa sababu hawajui kupanga mambo, natamani kumzaba kofi.

Itebero watu walitupokea vizuri. Lakini ule ni msitu, mvua haina adabu, maharage yakipandwa yanatoa majani makubwa ya kujivunia halafu yanaoza. Tulikula mihogo na ndizi, tukalima mihogo na ndizi, na mama akawa mtu wa kukaa kimya. Siku moja habari zikafika kwamba Bihambwe kumetulia kidogo, wengine wameanza kurudi. Mama akaamka na sauti yake ya zamani.

"Tutarudi tupande nini?" dada yangu akauliza.

"Mbegu iko," mama akajibu, akinigeukia mimi. "Iko kwa bale ba Amerika. Kitunga yangu iko kwabo. Tafuta bo mu telefone, uambie bo balete. Wakati yangu ya kuhitaji njo hii."

Hapo ndipo nilipoliona jambo lote kwa macho yake. Hakuwa ameibiwa hata kidogo. Alikuwa ameweka akiba kwa rafiki, mbali na vita, na sasa anaidai kama vile mtu yeyote angedai. Tulichohitaji kilikuwa kimoja tu: yale meusi yafike kabla mvua za kupandia hazijaanza.

Nikapanda naye kilima kilicho nyuma ya kanisa, ambako mtandao unapatikana ukisimama vizuri. Nikakitafuta chuo. Ukurasa wa kwanza uliofunguka ulikuwa wa kujitambulisha, ule wa kumwambia mgeni chuo ni nini kwa ufupi. Mama akakaa juu ya jiwe, akaniambia nimsomee, maana alitaka kujua mbegu zake zinaishi kwenye ukoo wa namna gani. Alikuwa anauliza kama watu wanavyouliza kuhusu wakwe.

Nikamsomea. Chuo kilianzishwa zamani na mfanyabiashara wa mbao pamoja na watu wa kanisa lake. Kina vitivo hivi na vile. Kina ziwa. Kina jumba la makumbusho, uwanja wa michezo, hospitali ya kufundishia, mabweni yaliyopewa majina ya matajiri waliokufa. Ni chuo cha binafsi kisichotafuta faida.

"Binafsi njo nini?"

"Prive, mama."

"Prive ya nani? Ya ule papa wa mbao?"

"Ule baba alikufaka zamani. Sasa iko na baraza ya batu."

"Basi haina mwenyewe." Akafikiri. "Iko na lupango?"

"Iko na ukuta na mulango kubwa ya chuma. Lakini banasema iko wazi kwa dunia yote."

"Na sentinele?"

"Iko na polisi yake yenyewe, mama."

"Aa," akasema, kama mtu aliyemtambua jirani. "Basi iko kama mashamba ya ngombe ya Kirolirwe."

Pale Kirolirwe vilima vinafuatana, majani matupu mpaka macho yanachoka, na mwenyewe anakaa mjini, hata ng'ombe wake hawajui sura yake. Mtoto wako anakohoa, maziwa unayaona kwa macho yanatembea nyuma ya waya, na ukisogea unaambiwa neno hilohilo, prive. Miaka yote nilifundisha kwamba chuo kikuu ni nyumba ya mwanga. Mama yangu, akiwa juu ya jiwe, alikuwa ameuliza kuhusu ukuta na mlinzi, akamaliza.

Nikaendelea kushuka chini ya ukurasa, picha zikawa zinafunguka polepole. Ziwa. Bata, walewale au wajukuu zao. Kisha ukumbi wa kitivo cha kilimo, sakafu inang'aa, na katikati ya ukumbi kabati la kioo lenye taa yake. Ndani ya kabati, kitunga. Uzi wa buluu kwenye ukingo.

Nilikuza picha kwa vidole mpaka ikachafuka. Chini yake waliandika kwamba ni kikapu cha asili kutoka Afrika ya Kati, zawadi. Zawadi! Hawakutaja Bihambwe. Hawakumtaja mama. Hawakutaja hata maharage. Nikaanza kusema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema nyuma ya kanisa.

Mama akaninyang'anya simu, akaisogeza karibu na jicho lake moja linaloona vizuri. Nilidhani atalia. Badala yake alikunja uso kama aliyeona mtu mzima anajisaidia njiani.

"Haina kitu ndani," akasema.

"Bameiba, mama."

"Nyamaza. Angalia. Iko bure, haina kitu ndani. Bameiweka bure mbele ya batu bote, na taa juu yake." Akanirudishia simu. "Ule mama hana bandugu ba kumwambia? Hana hata rafiki moja?"

Alikuwa anamwonea aibu. Ndiyo, mimi nikiwa na hasira zangu, yeye alikuwa anaona haya kwa niaba ya profesa, kwamba amejianika hivyo mbele za watu na hakuna wa kumvuta pembeni. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Wale watu walikuwa na ziwa na polisi na baraza, lakini hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba kitunga hakikai kitupu.

Nikakiandikia chuo palepale, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwa heshima zote. Nikaeleza kitunga, nikaeleza desturi, nikaeleza vita na ile sufuria ya njiani. Nikaomba mbegu kidogo tu, hasa zile nyeusi. Kila nilipoweza kupanda kilima nilipanda, na mama akinisubiri chini akiniangalia usoni kabla sijasema neno.

Jibu lilikuja, refu na tamu. Profesa amestaafu. Wamesikitishwa sana na hali yetu. Mbegu zimehifadhiwa katika chumba cha baridi na ni mali ya mkusanyiko wa chuo, na haziwezi kutumwa kwa mtu mmoja mmoja, isipokuwa kwa taasisi inayotambulika. Nikajiuliza ni nani anayetakiwa kumtambua mama yangu, maana Bihambwe nzima inamtambua. Halafu, chini kabisa, likaja lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka meno yananiuma. Walisema aina moja, ile nyeusi yenye mstari, imedhoofika humo kwenye baridi na karibu yote imekataa kuota. Je, familia yetu ingekuwa tayari kutoa mbegu mpya? Wana mtaalamu wa kilimo anayeshirikiana nao, anakaa Goma. Angekuja kuzichukua.

Nilisoma mara ya pili, nikifikiri Kiingereza kimenichezea. Hakikunichezea. Tuliomba turudishiwe, wao wakaomba tuongeze.

Nilimweleza mama kila kitu, bila kupunguza. "Basi bamewaua," akasema, kana kwamba anaongelea watu. Kesho yake akaanza kufunga mizigo ya kurudi Bihambwe, bila mbegu.

Nyumba tuliikuta haina mabati wala milango. Lakini mama hakuwa amemaliza kufagia ua, wanawake wakaanza kufika. Walikuwa wamechoka kama sisi, wengine walirudi juzi tu, na kila mmoja alikuja na chochote ndani ya kitunga, sahani au nguo: mekundu, ya njano, yenye madoa. Wote hao mama aliwahi kuwatilia mbegu. Wa mwisho alikuwa mjane wa kilima cha juu, ambaye hakukimbilia mbali. Alijificha na maharage yake kwenye mapango. Alifungua kitambaa mbele ya mama. Yalikuwa meusi, yenye mstari mweupe mgongoni, yasiyojaza hata viganja viwili.

"Ulinipatiaka mwaka ile bwana yangu alikufa," akasema. "Ni ile ile."

Mama alipiga magoti kwenye vumbi, mwanamke wa umri wake, akayapokea. Hapo alilia, na mimi nikalia, na sioni aibu kusema. Mjane yule hana chumba cha baridi. Hana hata mlango. Hakula meusi yale alipokuwa na njaa pangoni, na sijui aliwezaje. Mama aliyapanda yote siku ileile kwenye shamba la juu, hakubakiza hata moja la kuonja.

Mtaalamu wa Goma alifika maharage yalipokuwa yanapanda miti yake, mengine yameshaanza kukauka. Alikuja kwa pikipiki, bwana wa heshima zake, koti limejaa vumbi, na kosa si lake, ndiyo maana sikumfukuza. Alisimama uani akaangalia juu, akaona meusi yametambaa kwenye miti ya shamba la juu. Uso ukamng'aa. Akatusimulia kuhusu chuo: utafiti wake, umaarufu wake, jinsi jina la Bihambwe litakavyojulikana huko. Nilitaka kumjibu mimi. Nilikuwa na majibu ya kumjaza pikipiki nzima. Mama akanitazama mara moja tu, nikafunga mdomo.

Akamletea kiti. Akamletea maji ya kunawa. Akamletea bugali na sahani ya maharage, mekundu na ya njano, yamepikwa na mafuta ya mawese na kitunguu. Yule bwana akashukuru, akala matonge mawili, kisha akarudi kwenye shughuli yake.

"Mama, ni mbegu kidogo tu. Ile nyeusi. Hata mukono moja."

"Nimesikia, Papa. Mimi sikatalake muntu mbegu."

"Aksanti sana, mama."

"Sasa nitakutilia mu nini? Kitunga yangu iko kwabo."

Akacheka, akidhani ni utani. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha za karatasi, nyeupe, mpya, kila moja imeshaandikwa jina la chuo. Akazipanga kwenye goti lake. Mama aliziangalia moja moja, bila haraka, kisha, badala ya kuinuka akalete mbegu, akaisukuma sahani ya maharage karibu naye.

"Kula, Papa," akasema. "Inapoa."